Doa la Iodini

Duka la dawa la Konde lilikuwa na kichupa kimoja.
Nikakilipa kwa nauli yangu ya kurudi Wete.
Muuzaji akaniuliza, "Umejikata wapi?"
"Sijajikata," nikamwambia. "Nafundisha."

Wiki ya tano ya mazoezi.
Maabara tunayo: sinki mbili zisizo na mfereji
na kabati ambalo ufunguo wake
uliondoka mfukoni mwa mwalimu aliyehamia Unguja,
mwaka ambao hapa hapana anayeukumbuka.

Andalio la somo nimeliandika mara tatu.
Malengo, zana, hatua, tathmini,
safu zote zimenyooshwa kwa rula kama chuo walivyotaka,
dakika tano utangulizi,
dakika ishirini maarifa mapya.
Safu ya mvua juu ya bati haikuwamo.
Ilianza dakika ya sita.

Dokta Mwatima kakaa dawati la nyuma kabisa,
magoti yamegota kwenye mbao,
fomu iko pajani, kalamu ya kijani.
Amevuka bahari usiku kucha kuja kunitia alama
na usingizi bado uko machoni mwake.
Mimi nina miaka thelathini na minane.
Yeye, nadhani, hajafika huko.

Miaka tisa nilifundisha kwa kujitolea:
posho ya wazazi mwezi ikiwapo,
mwezi mwengine mkungu wa ndizi.
Na kila alipokuja mkaguzi, mwalimu mkuu alininong'oneza,
"Mize, hebu kaa maktaba kidogo,"
kwa kuwa jina langu halikuwamo daftarini.
Maktaba yenyewe ndiyo lile kabati.
Nikisimama ubavuni mwake, nikisoma kutu.

Sasa nimo. Nina namba ya usajili
ndefu kuliko ukoo wa babu yangu,
na naijua kwa moyo, hata usingizini nitaitaja.

Mvua ikazidi. Sauti yangu haikufika dawati la pili.
Nikanyamaza.
Nikachukua kipande cha muhogo, nikakinyanyua juu,
nikatonesha.
Ukahawia ukaingia kwenye weupe,
ukawa buluu, ukawa mweusi
kama nyumba umeme ulipokatika,
na watoto hamsini na saba wakasimama bila kuambiwa,
wakanijia na wali wa jana,
kipande cha boflo, ganda la yai,
mmoja akanyoosha ukucha wake,
mwengine akachana ukurasa wa daftari.

Ukurasa ukageuka mweusi.

Tumu Hamad akapiga ukelele sikioni mwangu:
"Mwalimu! Kwani karatasi nayo chakula?"

Hilo sikuliandalia.
Nikatupa jicho nyuma. Kalamu ya kijani imesimama.
Jibu ningeweza kuliunda;
miaka tisa nimeishi kwa kuunda majibu,
maana asiye na cheti
haruhusiwi kutojua.

Nikasema, "Sijui, Tumu.
Jumatatu unikumbushe."
Kalamu ikaandika, ikaandika.

Barazani, maji yakimwagika kutoka bomba la paa,
Dokta alinisomea fomu bila kutabasamu.
Matumizi ya muda: hafifu.
Utulivu wa darasa: hafifu.
Kisha akafika penye mstari mmoja, akaufunika kwa kiganja,
akaniambia, "Hapa saini tu."
Nikasaini. Kidole changu kikaacha doa la kahawia
pembeni mwa jina, na hakuna aliyelifuta.

Leseni ilikuja baadaye, baada ya miezi mingi,
na foleni, na picha mbili, na kurudishwa kwa picha mbili.
Wameniandika Miza. Nimekwenda kurekebisha, naambiwa nisubiri.
Siku hizi nasubiri nikiwa darasani.

Lakini Jumatatu ile,
baada ya usiku mbili za kusoma kwa mwanga wa simu
juu ya viwanda na wanga unaopakwa kwenye karatasi
ili wino usisambae,
niliingia getini na chaki mkononi,
na Tumu alikuwa ameshafika, viatu vimelowa,
na kabla hata ya salamu:

"Mwalimu, ile karatasi?"